Kodi ya Ofisi Haipigwi Picha

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na hatimaye kuifunga USAID, shirika lake la misaada, tarehe 1 Julai mwaka huo huo, kuna swali linalorudi kila mara kwenye semina na vipindi vya redio hapa Uganda: matajiri wetu wako wapi? Swali hilo lina ukali wake na lina haki yake. Ubalozi wa Marekani mjini Kampala ulikuwa ukitaja karibu dola bilioni moja kwa mwaka zilizokuwa zikiingia nchini kwa ajili ya afya na maendeleo. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitikisika ndani ya wiki chache. Wizara ya Afya ikaagiza kliniki za VVU zilizokuwa zikijitegemea ziunganishwe na huduma za kawaida za hospitali. Wahudumu waliokuwa wakilipwa na miradi wakarudi nyumbani. Zipo pia asasi ndogo ambazo hazikuwahi kupokea hata senti moja kwa Wamarekani moja kwa moja, zilikuwa zikipata kijisehemu kupitia asasi kubwa za Kampala, nazo zikajikuta hazina hata nauli ya kwenda kuuliza kulikoni.

Niseme mapema kwamba familia za kibiashara za Uganda haziwezi kuziba pengo hilo. Anayezitaka zizibe anazionea, na tena anaipa serikali kisingizio. Hakuna familia hapa nchini itakayonunua dawa za kufubaza virusi kwa watu karibu milioni 1.5, mwaka hadi mwaka. Huo ni mzigo wa Hazina na Bunge, na ubaki mabegani mwao. Ninachokisema hapa ni kidogo zaidi. Wakfu wa familia unaotoa ruzuku kwa asasi za eneo lake unaweza kufanya jambo ambalo pesa ya mbali haikulifanya vizuri hata ilipokuwa nyingi, nalo ni kugharimia uhai wa asasi yenyewe: kodi ya chumba, mshahara wa mhasibu, mafuta ya pikipiki, ukaguzi wa hesabu, na kuyalipa hayo kwa miaka. Wakfu zetu nyingi hazifanyi hivyo, na sababu haiko mfukoni.

Tuanze na familia zenye historia ndefu. Nanji Kalidas Mehta alianza kutengeneza sukari Lugazi mwaka 1924. Muljibhai Madhvani naye akaanzisha kiwanda chake Kakira, nje kidogo ya Jinja, mwaka 1930. Mashamba ya miwa ya ukubwa ule huzaa miji. Zikajengwa nyumba za wafanyakazi, shule na hospitali. Mzee Madhvani alifariki mwaka 1958, na mwaka 1962, mwaka ule ule wa Uhuru, familia ikaanzisha wakfu kwa jina lake. Hadi leo wakfu huo unajulikana zaidi kwa kuwasomesha vijana wa Uganda vyuo vikuu, hasa kwenye sayansi na ufundi. Ni kazi ya maana, na sina neno baya juu yake. Katikati ya historia hiyo lakini kuna mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia, familia hizi zikiwemo, siku 90 wafungashe virago. Familia ya Madhvani ilirudi Kakira mwaka 1985.

Naikumbusha habari hii kwa sababu inaeleza mengi kuhusu jinsi pesa ya familia inavyotoka hapa kwetu, na sisemi Waasia peke yao. Mfanyabiashara yeyote ambaye leseni yake, hati ya ardhi yake au zabuni yake inategemea sahihi ya mtu ofisini hujifunza kutoa pale ambapo hakuna atakayekasirika. Atasomesha watoto, atachimba kisima, atapeleka magodoro wodi ya wazazi. Hutamsikia akiifadhili asasi inayofuatilia dawa zilizopotea kwenye zahanati ya serikali, au inayowasaidia wajane kudai kiwanja chao mahakamani. Na woga wake una msingi. Mwanzoni mwa 2021 Rais Museveni aliagiza kusimamishwa kwa DGF, mfuko ambao nchi kadhaa za Ulaya ziliuunda kuanzia 2011 kufadhili kazi za utawala bora. Ulifunguliwa tena katikati ya 2022, ukafungwa moja kwa moja mwisho wa mwaka huo. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa mpigo. Ikiwa mabalozi wa Ulaya waliyumbishwa hivyo, mwenye duka la jumla Mbale atajitia wapi?

Kuna aina nyingine ya utoaji, na kwa jinsi ninavyoona ndiyo inayoongezeka kwa kasi. Mzee anafariki. Watoto wake, wengine Kampala, wengine London au Boston, wanakaa baada ya arobaini na kukubaliana kuanzisha wakfu kwa jina lake. Wanasajili kampuni isiyo ya kugawana faida pale URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, wanachapisha fulana, wanaandaa mashindano ya mpira kwenye uwanja wa shule aliyosoma marehemu. Madawati hamsini yanapelekwa, kila moja limeandikwa jina la mzee kwa rangi nyeupe. Mbunge anakuja, anahutubia kuliko ndugu wote. Mwaka wa pili wanakuja watu wachache. Mwaka wa tatu ugomvi unahamia kwenye kundi la WhatsApp la ndugu, nani ametoa na nani hajatoa, na kaka mkubwa anajiondoa kwenye kundi saa tano usiku.

Siwacheki. Wanaotoa wana uchungu wa kweli na pesa ni yao. Ila tazama pesa hizo zilivyopita: hazikupitia asasi yoyote. Familia ilitafuta tatizo yenyewe, ikanunua vitu, ikavisafirisha na kuvikabidhi. Wakati huo huo, mwendo wa dakika kumi kutoka kaburini kwa mzee, wapo akina mama wa kikundi ambao kwa miaka wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwarudisha shule wasichana waliokatizwa masomo na mimba. Wanawajua wasichana hao kwa majina. Wanajua baba yupi ataelewa na yupi atamtoa mtoto kwa mlango wa nyuma ukifika kwake. Hakuna aliyewauliza chochote. Siku ya kukabidhi madawati walialikwa kucheza ngoma.

Tufanye hesabu, tena ya bei za mji kama Iganga au Kamuli, si za Kololo, mtaa wa matajiri wa Kampala. Chumba kimoja cha ofisi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, shilingi 300,000 kwa mwezi. Mhasibu wa siku tatu kwa wiki, 600,000. Wafanyakazi wawili wa uwandani, 700,000 kila mmoja. Mafuta na matengenezo ya pikipiki, 400,000. Umeme, bando, ada za benki, 150,000. Hiyo ni milioni 2.85 kwa mwezi. Ongeza ukaguzi wa hesabu wa mwaka, tuseme milioni 4, na jumla ya mwaka haifiki milioni 40. Ukiwa na shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiasi ambacho baadhi ya familia zetu hukimaliza kwenye harusi moja, asasi tano zinasimama. Zikisimama miaka mitano, mji mzima unaona tofauti.

Na hapo ndipo wafadhili wengi, wa mbali na wa karibu, huweka pingamizi. Hawalipi «uendeshaji». Wanalipa «shughuli». Nimewahi kushika bajeti ya asasi moja ndogo ya Busoga iliyorudishwa na mfadhili wake. Mistari mitatu ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu: kodi ya ofisi, mhasibu, intaneti. Pembeni mtu ameandika, kwa mwandiko nadhifu kabisa, «mchango wa asasi». Asasi itoe wapi? Chini yake, mstari wa warsha ya siku mbili kwenye hoteli ulipitishwa bila swali, pamoja na maji ya chupa na vitafunwa vya saa nne.

Matokeo yake kila aliyefanya kazi kwenye asasi hizi anayajua, ingawa hayasemwi mbele ya mfadhili. Warsha inaandikwa ya washiriki arobaini, wanakuja ishirini na sita, na chai ya wale kumi na wanne ambao hawakuja ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Chukua orodha ya mahudhurio uitazame polepole. Kuanzia namba 27 mwandiko unaanza kufanana, na sahihi zote zinaelemea upande mmoja. Kisheria huo ni udanganyifu, na siutetei. Lakini nani alimfundisha mama wa watu kughushi? Mfumo uliokataa kulipa gharama inayojulikana ndio uliomsukuma aifiche ndani ya gharama isiyokuwepo. Baadaye mfumo huo huo unatuma mkaguzi, unakuta sahihi zinafanana, na unaandika ripoti kwamba asasi ndogo za Uganda haziaminiki.

Zaidi ya hapo kuna risiti. Tangu 2021 mamlaka ya mapato, URA, imekuwa ikiwataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT watoe risiti za kielektroniki za EFRIS. Kwa supamaketi ya Jinja si tatizo. Kwa muuza mkaa au mtu wa boda aliyekupeleka kijiji ambacho matatu haifiki, ni mzaha. Wapo wafadhili wanaozitaka hata huko. Asasi inaacha kununua mahindi ya uji wa watoto kwa mkulima wa jirani, inakwenda kuyanunua mjini kwa bei ya juu ili ipate karatasi. Wakfu wa familia ya pale pale hauna sababu ya kuiga upuuzi huu. Unamjua muuza mahindi. Huenda hata ni mpangaji wake.

Ukaribu wa aina hiyo ndio mtaji halisi wa wakfu wa mahali. Mfadhili wa Ulaya anahitaji ripoti ya kurasa thelathini kwa sababu hana njia nyingine ya kujua. Mtu wa Jinja anaweza kupita Jumanne bila taarifa, akakuta milango imefunguliwa au imefungwa, akaongea na jirani wa ofisi, akaondoka anajua mengi kuliko ripoti. Anaweza kupokea maombi kwa mazungumzo. Kikundi cha wanawake wa Busia wanaovuka mpaka na ndoo za dagaa kinaeleza mambo yake kwa Kiswahili kizuri mno, na bado kinalazimika kumlipa kijana wa stationery aandike andiko la mradi kwa Kiingereza ambacho hata yeye mwenyewe hakimiliki vizuri. Baraza la Mawaziri lilikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Wakfu unaweza kuanza kukitumia leo bila kusubiri mtaala.

Lipo pia suala la mwanzo wa mambo. Pesa kubwa hufuata ushahidi, na asasi inayoanza haina ushahidi, ina watu tu. TASO, asasi ya kuwasaidia watu wenye UKIMWI, ilianza mwaka 1987, wakati Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe, na wenzake wachache walipokuwa wakikutana kufarijiana na kushauriana namna ya kuwahudumia wagonjwa ambao hata ndugu zao waliogopa kuwagusa. Mpango mkubwa wa Marekani dhidi ya UKIMWI, PEPFAR, ulikuja mwaka 2003, na ulikuta kazi ya aina hiyo imeshajaribiwa na kujulikana. Kati ya 1987 na 2003 ni miaka kumi na sita. Mtu aliyetoa kidogo katika miaka ile ya mwanzo alifanya jambo ambalo mabilioni ya baadaye hayakuweza kulifanya, kwa sababu mabilioni hayajui kukaa kwenye benchi chini ya mwembe na kumtazama mtu machoni.

Kuhusu kodi ya mapato nitapita haraka, ingawa wahasibu wa familia ndiko wanakoanzia. Sheria ya Kodi ya Mapato inairuhusu kampuni kuondoa misaada kwenye mapato yake yanayotozwa kodi, kwa kikomo cha asilimia 5. Kampuni yenye mapato ya shilingi bilioni 10 yanayotozwa kodi inaweza kutoa hadi milioni 500, na kwa kuwa kodi ya kampuni ni asilimia 30, inaokoa milioni 150. Tatizo ni kwamba anayepokea lazima awe taasisi iliyosamehewa kodi na kutambuliwa na URA. Kikundi cha akina mama niliokwisha wataja hakina hadhi hiyo, na gharama ya kuihangaikia inaweza kuzidi ruzuku yenyewe. Kwa hiyo mshauri wa kodi anaiambia familia ianzishe wakfu wake, ipate msamaha, iendeshe miradi yake yenyewe. Kwa vitabu ni ushauri mzuri. Kwa mji ni hasara, maana kila familia inakuwa na kisima chake na hakuna anayejenga watu wa kuvitunza visima. Kungekuwa na asasi moja mwavuli kwa kila mkoa, yenye msamaha wa kodi, inayopokea kwa familia na kugawa kwa vikundi vidogo, sheria isingehitaji hata kubadilishwa.

Sasa upande wa pili, ambao wapenzi wa «pesa ya nyumbani» hawapendi kuuzungumzia. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kweli. Lakini fimbo iliyo karibu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kukuchapa. Kwenye miji yetu mwenye wakfu mara nyingi ndiye pia mnunuzi wa mazao, mwenye nyumba, mwajiri wa nusu ya mtaa na mdhamini wa timu ya mpira. Chukua eneo la miwa. Asasi inayotaka kuzungumzia watoto wanaoacha shule kwenda kukata miwa, au mkulima aliyekodisha shamba lake lote kwa miwa akabaki hana pa kupanda mihogo, itazungumzaje ikiwa kodi ya ofisi yake inalipwa na mtu anayenunua miwa hiyo? Si lazima mtu huyo atishe. Hahitaji kusema neno. Mkurugenzi wa asasi atajipunguzia sauti mwenyewe, kidogo kidogo, hadi siku moja ripoti ya mwaka inajaa picha za watoto wanaocheka na haina hata aya moja juu ya miwa.

Nimesikia watu wakijibu kwamba hata wafadhili wa nje wana ajenda zao. Wanazo. Tofauti ni kwamba mfadhili wa Copenhagen hakutani na mama yako kanisani. Ukigombana naye unapoteza mradi. Ukigombana na familia kubwa ya mji wako, mtoto wa dada yako anapoteza kazi ya kiwandani. Kwa sababu hiyo naona wakfu wa mahali unapaswa kujiwekea masharti makali kuliko wa mbali, si mepesi. Kamati ya kuamua ruzuku iwe na watu wasio wa damu ile, tena wasiolipwa na kampuni ile, na wawe na kura, si kiti cha heshima. Mwalimu mkuu mstaafu, mkunga, mtu wa Uganda Muslim Supreme Council, yaani baraza kuu la Waislamu, na padri, wanatosha kuanzia. Orodha ya waliopewa na kiasi walichopewa ibandikwe mahali watu wanapoisoma. Na eneo moja, lile linalogusa biashara ya familia yenyewe, liachwe kwa mfuko wa pamoja ambao familia inachangia bila kujua pesa yake imekwenda kwa nani.

Na uchaguzi, jamani. Kila baada ya miaka mitano wakfu zinaamka. Mtoto wa tatu wa marehemu anagundua mapenzi yake kwa vijijini miezi kumi na minane kabla ya kura, visima vinachimbwa, mabango yana uso wake kuliko wa marehemu. Akishindwa, ofisi inakuwa saluni. Mimi ningeweka kanuni rahisi: ndugu yeyote akitangaza kugombea, wakfu unaendelea kulipa ruzuku zilizokwisha ahidiwa na hautoi mpya hata moja hadi matokeo yatangazwe. Najua ni wachache watakaokubali.

Kuna wanaosema kutoa ruzuku kwa asasi ni kuwapa pesa matapeli, afadhali ununue kitu kinachoonekana. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Novemba 2019 serikali ilitangaza kwamba zaidi ya mashirika 12,000 hayakuhakikiwa na hayaruhusiwi kuendelea na kazi. Mengine yalikuwa hewa tupu, mkoba na muhuri. Mengine yalikuwa vikundi halali vilivyoshindwa kufuata makaratasi, na sheria ya NGO ya 2016 ina makaratasi kwelikweli: kibali, idhini ya kamati ya wilaya ambayo afisa usalama wa ndani naye ni mjumbe, hati ya makubaliano na serikali ya mtaa. Ukitoka Kamuli ukataka kufanya kazi Buyende, wilaya ya jirani, unaanza upya. Mwaka 2024 ofisi ya kusimamia NGO iliondolewa kwenye uhuru wake mdogo na kurudishwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kupata na kutunza karatasi hizi ni kazi ya mtu mwenye mshahara, na mshahara huo ndio ule uliokatwa kwa wino mwekundu. Kwa hiyo anayesema hatoi kwa sababu asasi hazina vibali, na hatoi pesa ya kumlipa mtu wa kushughulikia vibali, anazunguka mti mmoja.

Kitu kinachoonekana nacho hakina usalama wowote. Kila mwenyeji wa miji yetu anaweza kukutajia gari la wagonjwa lililokabidhiwa kwa tarumbeta na leo limewekwa juu ya matofali nyuma ya kituo cha afya, kwa kuwa hakukuwa na bajeti ya mafuta wala ya dereva. Gari lilipigwa picha. Mafuta hayapigwi picha.

Wala tusijidanganye kwamba Waganda hawana desturi ya kutoa kwa kitu kikubwa kuliko ukoo wao. Makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi yalipoungua Machi 2010 na Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alipoanza kampeni ya michango ya Ettoffaali mwaka 2013, watu walipanga foleni na elfu tano zao, na si Wabaganda peke yao. Katika misiba yetu mabugo, yaani rambirambi, yanatoka kabla jeneza halijanunuliwa. Misikitini zaka inagawiwa kila mwaka. Kutoa kupo. Kinachokosekana ni uvumilivu wa kutoa mara ya tano na ya sita kwa kundi lile lile, bila sherehe, kulipa kitu kisicho na sura.

Muda ndio unaotofautisha wakfu na sadaka ya siku moja. Ruzuku ya mwaka mmoja kwa asasi ndogo, kwa kweli, ni ya miezi saba. Miezi miwili inaishia kwenye kusubiri pesa iingie, na mitatu ya mwisho mkurugenzi yuko njiani kutafuta nyingine. Ahadi ya miaka mitano, hata ikiwa ya kiasi kidogo, inamfanya mfanyakazi mzuri asikimbilie Kampala. Inaiwezesha asasi kukodi chumba kwa mwaka mzima kwa bei nafuu. Na wakfu ukitaka kuondoka, useme miaka miwili kabla, uso kwa uso, si kwa barua inayofika Ijumaa jioni. Tumeona mwaka 2025 kuondoka kwa ghafla kunafananaje.

Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai 1. Familia inayotaka kuanza haihitaji mshauri kutoka Nairobi wala mpango mkakati wenye jalada la kung'aa. Iende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ndogo yake na kuomba orodha ya vikundi vilivyosajiliwa. Mara nyingi iko kwenye kaunta buku, na kila mwananchi ana haki ya kuiuliza. Ichague vitatu visivyo na ndugu ndani yake. Ivitembelee siku isiyo na mgeni rasmi, na kabla ya kuuliza vinafanya shughuli gani, iulize kodi ya chumba ni shilingi ngapi na imelipwa hadi mwezi gani.